Anne, furaha ya baba yake

Jina la Jenerali Charles de Gaulle si geni katika nchi zilizo kando ya Mto Kongo. Ndiye aliyefungua mkutano mkubwa wa Brazzaville tarehe 30 Januari 1944. Ndiye aliyerudi pale pale tarehe 24 Agosti 1958 kusema na watu juu ya uhuru wa nchi zao. Alikuwa mtu mrefu kupita wenziwe, mgumu wa uso, na wengi walimwogopa. Lakini leo hatutaki kusimulia habari za vita wala za serikali. Twataka kumkumbuka binti yake mdogo, ambaye hakuweza kuishi pasipo mtu wa kumtunza, wala hakuweza kusema maneno mengi. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa furaha ya baba yake.

Kuzaliwa kwake

Anne alizaliwa tarehe 1 Januari 1928 huko Trier, katika nchi ya Ujerumani, ambako baba yake alikuwa mkuu wa kikosi cha askari wa Ufaransa. Walimtangulia kaka yake Philippe, aliyezaliwa mwaka 1921, na dada yake Élisabeth, wa mwaka 1924. Haukupita muda mrefu, wazazi wakatambua ya kuwa mtoto huyu hakui kama wakubwa wake. Alikawia kutembea, alikawia kusema, na macho yake yalikuwa dhaifu. Alikuwa na hali ile ambayo waganga huiita hali ya Down.

Siku zile, jamaa nyingi za watu wakubwa wa Ulaya ziliona haya kuwa na mtoto wa namna hiyo. Wengine walimpeleka katika nyumba ya mbali, na tangu hapo jina lake halikutajwa tena mezani. De Gaulle na mkewe Yvonne, Wakristo wa dini Katoliki, hawakukubali kufanya hivyo. Anne alikaa kwao kama nduguze. Baba alipotumwa Beirut, katika nchi ya Lebanoni, tangu mwaka 1929 mpaka 1931, Anne naye alikwenda. Na mwaka 1934 walinunua nyumba katika kijiji cha Colombey-les-Deux-Églises, kwa sababu walimtakia mtoto wao mahali penye bustani na utulivu, mbali na macho ya wadadisi.

Inasimuliwa kwamba mama yake alimwandikia rafiki akisema ya kuwa yeye na mumewe wangekuwa tayari kuacha mali na vyeo vyote, kama kwa kufanya hivyo Anne angepata nafuu kidogo. Mzazi yeyote aliyekesha karibu na mtoto mgonjwa aelewa maneno hayo.

Jioni za Jenerali

Askari waliotetemeka mbele ya de Gaulle wangalistaajabu kumwona jioni nyumbani kwake. Alimchukua Anne magotini, akamwimbia nyimbo za watoto, akacheza ngoma mbele yake ili acheke, akamwachia hata kofia yake ya kijeshi aichezee. Walitembea bustanini wameshikana mikono, hatua kwa hatua, baba akiupunguza mwendo wake mrefu. Watu wa karibu husema kwamba neno ambalo Anne alilitamka vizuri lilikuwa «Papa».

Mwaka 1940 vita vilipowaka, inasimuliwa kuwa de Gaulle alimfunulia moyo wake padri mmoja wa jeshi. Alikiri ya kuwa mtoto huyo ni jaribu kubwa kwa baba. Hata hivyo ni neema pia, kwani humsaidia asivunjike moyo anaposhindwa, wala asilewe sifa anapotukuzwa. Tazama jambo la ajabu: binti asiyejua cheo ni nini ndiye aliyemfundisha mkubwa kutovipenda vyeo kupita kiasi.

Mwezi wa Juni mwaka ule ule, majeshi ya Ujerumani yaliingia Ufaransa, naye Jenerali akawa Uingereza. Ndege iliyotumwa kuwachukua mke na watoto wake ilianguka, wanajeshi waliokuwamo wakafa. Kumbe mama, pasipo kungoja msaada, alikuwa amekwisha kukata shauri: aliingia melini katika bandari ya Brest pamoja na watoto wake watatu, wakavuka bahari. Katika fujo ile ya wakimbizi, watu wengi waliacha nyuma kila kilichokuwa kizito. Anne hakuachwa.

Nani atamtunza baada yetu?

Wazazi wa mtoto wa namna hii wana hofu moja isiyowatoka usiku wala mchana: siku tutakapokufa, mtoto wetu atabaki kwa nani? De Gaulle na mkewe nao walikuwa na hofu hiyo. Basi mwaka 1945 walianzisha shirika lenye jina la Anne, na nyumba yake ikawa huko Milon-la-Chapelle, karibu na Paris, kwa ajili ya wasichana wenye ulemavu wa akili ambao jamaa zao hawakuwa na uwezo. Jenerali alipoandika baadaye vitabu vya kumbukumbu zake za vita, sehemu ya faida aliitoa kwa kazi hiyo.

Lakini Anne hakuwahitaji watunzaji wengine. Alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akafariki Colombey tarehe 6 Februari 1948, umri wake miaka 20. Husimuliwa kwamba baada ya mazishi baba alimshika mkewe mkono, akamwambia kwa upole kuwa sasa binti yao amekuwa sawa na wengine. Maneno hayo yatoka katika imani yetu: mbele ya Mungu hakuna tena kiwete wala bubu.

Si uchawi wala laana

Sasa na tutazame nyumbani kwetu. Mtoto wa namna hii azaliwapo, minong'ono haikawii. Mmoja asema ni uchawi, mwingine asema mizimu imekasirika, wa tatu amlaumu mama. Pengine mume humfukuza mkewe. Pengine mtoto hufichwa nyuma ya nyumba wageni wafikapo.

Jambo lenyewe lajulikana. Mwaka 1959, wataalamu watatu wa Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, walitangaza sababu yake. Katika kila chembe ya mwili wa mtu mna nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu, nazo ni 46. Mwenye hali ya Down kwa kawaida ana 47, kwani ile ya 21 ni tatu badala ya mbili. Hutokea hivyo katika kila taifa, kwa tajiri na kwa maskini. Hakuna aliyeloga, wala mama hakukosa neno.

Bwana Yesu naye alikwisha kutujibu. Mitume walipomwuliza habari za yule aliyezaliwa kipofu, kwamba nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana alikataa yote mawili (Yoane 9).

Basi tufanye nini? Tumpeleke mtoto kwa mganga mapema, maana karibu nusu ya watoto hao wana kasoro ya moyo, na vifua vyao hushikwa upesi. Tumfundishe kwa saburi kuvaa, kuchota maji, kufagia, kusalimu. Wengi hujifunza hata kusoma. Tumpeleke kwa padri abatizwe, na katekista amtayarishe kwa Komunyo kadiri awezavyo. Huko Bukavu kiko kituo cha Heri Kwetu, na huko Kinshasa viko vituo vya Bondeko, ambako wenye ulemavu hupokewa na kufundishwa. Mzazi asione haya kuomba msaada.

Nanyi wanafunzi, mkikutana njiani na mtoto kama huyu, msimwite jina la kumcheka. Mwamkieni kwa jina lake la ubatizo. Na wewe uliye na ndugu wa namna hii, fahamu kwamba wazazi wako wanakutazama wewe wanapojiuliza nani atamtunza. Usingoje wakuulize kwa mdomo. Waonyeshe tangu leo.

Jenerali de Gaulle alifariki tarehe 9 Novemba 1970. Katika maagizo aliyoyaandika mwaka 1952 alikataa mazishi ya fahari, akataka alazwe Colombey, pale alipolala Anne. Ndivyo ilivyofanyika. Mkewe aliwafuata mwaka 1979. Aliyeitawala Ufaransa angeweza kulala pamoja na mashujaa wa Paris. Alichagua makaburi ya kijijini, kando ya mtoto aliyemwita Papa.