Kisukari na mishipa ya damu (2): Kwa nini dawa ya presha haiachwi

Katika sehemu ya kwanza ya mfululizo huu tulieleza jinsi sukari iliyozidi kwenye damu inavyoiharibu mishipa polepole, bila maumivu wala dalili, hadi siku macho yanapofifia au miguu inapokufa ganzi. Leo tunaingia kwenye jambo ambalo wagonjwa wengi wa kisukari huliona kama ugonjwa mwingine kabisa: shinikizo la damu, na vidonge vinavyotolewa ili kulishusha. Hoja ya makala haya ni moja. Kwa mtu mwenye kisukari, dawa ya presha si ya kutuliza presha siku ilipopanda. Ni ulinzi wa mishipa, na ulinzi huo hudumu kwa muda ule tu ambao dawa inatumika. Anayeiacha kwa sababu kipimo kimesoma vizuri, anaiacha mishipa yake bila mlinzi.

Tuanze na pale magonjwa haya mawili yanapokutana. Kila mshipa wa damu, kuanzia ule mkubwa utokao kwenye moyo hadi vijishipa vya nyuma ya jicho, umefunikwa kwa ndani na tabaka moja la seli. Tabaka hilo ni jembamba mno lakini kazi yake ni nzito: hutengeneza gesi ya naitriki oksidi, ambayo huulegeza msuli wa mshipa ili damu ipite, na huzuia chembe za damu zisigandamane ukutani. Mwaka 1980 Mmarekani Robert Furchgott alionyesha kwamba mshipa uliokwanguliwa tabaka hilo haulegei tena hata ukipewa kemikali ambayo kwa kawaida huulegeza, na mwaka 1998 yeye pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kuifafanua kazi ya gesi hiyo. Sukari inapokaa juu kwa miaka, gesi hiyo hupungua, ukuta wa mshipa hukakamaa, na mafuta hupata pa kupenya. Presha ikiukuta mshipa uliokwisha kudhoofika hivyo, kila pigo la moyo huongeza jeraha. Kwenye figo hali ni mbaya zaidi. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kisukari hupanua mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio, huku homoni iitwayo angiotensini ikiubana ule unaoitoa. Shinikizo ndani ya kichujio hupanda, na protini ya albumini, ambayo haikupaswa kupita, huanza kuonekana kwenye mkojo. Sukari na presha, basi, hushambulia ukuta uleule.

Ushahidi mzito kwamba kushusha presha huiokoa mishipa hiyo ulitoka Uingereza mwaka 1998. Utafiti ujulikanao kama UKPDS, ulioanza mwaka 1977 ukiongozwa na Robert Turner wa Oxford, ulikusanya zaidi ya wagonjwa 5,000 waliokuwa wamegundulika karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili. Miongoni mwao, 1,148 waliokuwa pia na presha waligawanywa bila upendeleo katika makundi mawili: moja likadhibitiwa kwa ukali, la pili kwa kiasi. Katika ufuatiliaji wa takriban miaka minane, kundi la kwanza lilikuwa na wastani wa presha ya 144/82, na la pili 154/87. Hiyo ni tofauti ya alama kumi tu kwenye namba ya juu. Hata hivyo, katika kundi lililodhibitiwa zaidi kiharusi kilipungua kwa asilimia 44, vifo vinavyohusiana na kisukari kwa asilimia 32, na madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho, kwa asilimia 37. Ikumbukwe pia kwamba karibu theluthi moja ya wagonjwa wa kundi hilo walihitaji aina tatu za dawa au zaidi kufikia hapo. Mgonjwa anayeongezewa kidonge cha pili au cha tatu asidhani kwamba ugonjwa wake umeshindikana. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kulifikia lengo.

Lakini somo kubwa zaidi la utafiti huo lilikuja baadaye. Ulipofungwa, wagonjwa walirudi kwenye matibabu ya kawaida, na watafiti wakaendelea kuwafuatilia kwa miaka kumi. Majibu yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha mambo mawili tofauti. Upande wa sukari, tofauti ya vipimo kati ya makundi ilitoweka ndani ya mwaka mmoja, lakini waliodhibitiwa vizuri tangu mwanzo waliendelea kufaidika miaka mingi baadaye. Upande wa presha haikuwa hivyo. Tofauti ya vipimo ilitoweka ndani ya miaka miwili, na faida nayo ikatoweka. Kwa maneno mengine, sukari iliyotunzwa mapema huacha akiba mwilini, lakini presha haiachi akiba. Hapa ndipo inapojibiwa hoja inayosikika zaidi vijiweni na kwenye foleni za kliniki, kwamba presha imeshuka na kwa hiyo mtu amepona. Presha imeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Kipimo kizuri ni sababu ya kuendelea na dawa, na mwenye kutaka kupunguziwa dozi, labda kwa kuwa amepungua uzito au anahisi kizunguzungu, aamue pamoja na daktari wake.

Dawa zenyewe si za aina moja, na kwa mwenye kisukari uteuzi wake una maana. Captopril ilizaliwa kutokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye jararaka, ambayo mwanasayansi Sérgio Ferreira aliionyesha miaka ya 1960 kuwa na uwezo wa kukuza nguvu ya kemikali inayolegeza mishipa. Dawa za kundi la captopril huzuia utengenezaji wa angiotensini, na losartan na ndugu zake huizuia isifanye kazi. Kwa kufanya hivyo hufungua ule mshipa unaotoa damu kwenye kichujio cha figo, na shinikizo la ndani hushuka. Mwaka 1993 utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 409 wa kisukari cha aina ya kwanza, ambao figo zao zilikwisha kuanza kuathirika, ulionyesha kwamba captopril ilipunguza kwa nusu uwezekano wa kufa, kuhitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo. Mwaka 2001 utafiti wa RENAAL, uliokuwa na wagonjwa 1,513 wa aina ya pili, ulionyesha kwamba losartan ilipunguza kwa asilimia 28 idadi ya waliofikia hatua ya mwisho ya figo kushindwa. Ndiyo maana mwenye albumini kwenye mkojo hupewa moja ya dawa hizi kwanza. Hapewi zote mbili kwa pamoja, kwa sababu majaribio makubwa yalionyesha kuwa kuzichanganya huongeza madhara bila kuongeza faida.

Wapo wanaosema kwamba dawa hizi zilipimwa kwa Wazungu na hazimfai Mwafrika. Hoja hii ina chembe ya ukweli, nayo inastahili jibu la haki. Ni kweli kwamba kwa watu wengi wenye asili ya Afrika, dawa za kundi la captopril zikitumika peke yake hushusha presha kwa kiasi kidogo kuliko amlodipine au dawa za kukojoza. Lakini jibu limepatikana humu humu Afrika. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019, uliwahusisha wagonjwa 728 katika nchi sita zikiwemo Kenya na Uganda, na ukaonyesha kwamba amlodipine ikiunganishwa na dawa ya kukojoza, au na perindopril ambayo ni ya kundi la captopril, hushusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usio na amlodipine. Utafiti huo haukuwa wa wenye kisukari peke yao, lakini unatoa mwongozo ulio wazi: dawa ya kulinda figo ibaki, na amlodipine iongezwe ili presha ishuke.

Hoja nyingine ni kwamba vidonge vya presha ndivyo vinavyoharibu figo. Imani hii huzaliwa pale mgonjwa anapoanzishiwa losartan, akapimwa, na kreatinini, kipimo cha utendaji wa figo, ikaonekana kupanda. Kupanda kidogo mwanzoni ni jambo linalotarajiwa, kwa sababu shinikizo ndani ya vichujio limepunguzwa, na hapo ndipo penye kinga. Kukizidi asilimia 30, daktari hutafuta sababu. Kwa hiyo damu ipimwe kreatinini na potasiamu wiki chache baada ya kuanza dawa au kuongezwa dozi. Tahadhari za losartan na za kundi la captopril ni za kweli: mjamzito au anayetarajia mimba hapaswi kuzitumia, anayetapika na kuharisha sana amwone mhudumu wa afya haraka kwa sababu huenda zikasimamishwa kwa muda, kikohozi kikavu kisichoisha ni sababu ya kubadilishiwa captopril, na midomo au ulimi kuvimba ni dharura. Wanaume wanaohofia nguvu zao nao wajue kwamba kisukari na presha isiyotibiwa ndivyo viharibuo mishipa ya viungo vya uzazi. Baadhi ya dawa za zamani huweza kuchangia, lakini dawa hubadilishwa. Mwenye tatizo hilo amweleze daktari badala ya kuacha vidonge kimyakimya.

Swali gumu zaidi ni presha ishushwe hadi wapi. Mwaka 2010 utafiti wa ACCORD wa Marekani na Kanada, wenye wagonjwa 4,733, ulilinganisha lengo la chini ya 120 na la chini ya 140. Jumla ya mishtuko ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo haikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika, ingawa kiharusi peke yake kilipungua, na madhara makubwa ya dawa yaliongezeka. Mwaka 2024 utafiti wa BPROAD wa China, wenye wagonjwa zaidi ya 12,000, ulipata tofauti: waliolenga chini ya 120 walipata matukio makubwa ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 21, ingawa presha kushuka mno na potasiamu kupanda vilitokea zaidi kwao. Ukipima yote mawili, lengo la chini ya 130/80 linalotajwa na miongozo mingi ni la busara, na mzee anayeyumba akisimama alegezewe. Wataalamu wanabishana kuhusu alama kumi za mwisho. Hakuna anayebisha kwamba 160 ni hatari.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 uliwakuta na presha takriban mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Kliniki ya kisukari inayopima sukari na kumruhusu mgonjwa aondoke bila kupimwa presha imefanya nusu ya kazi. Wenye mamlaka wahakikishe amlodipine na losartan hazikosekani kwenye zahanati, kwa maana ni dawa za bei nafuu zinazotengenezwa na viwanda vingi, na gharama yake haifikii hata kidogo ile ya kusafisha damu kila wiki. Nawe msomaji mwenye kisukari, kila uendapo kliniki dai presha ipimwe, angalau mara moja kwa mwaka omba mkojo upimwe albumini, na usisubiri vidonge viishe ndipo ufuate vingine. Meza dawa leo, na kesho umeze tena, hata kama kipimo kimesoma vizuri.

Wiki ijayo: mafuta kwenye damu na nafasi ya dawa za statini.