Mshipa wa Silikoni

Mnamo mwaka 1513 hivi, Leonardo da Vinci aliandika namna ya kuona damu inavyozunguka inapotoka moyoni: mimina nta katika moyo wa ng'ombe, izungushie kalibu ya jasi, kisha puliza kioo ndani ya kalibu. Pitisha maji yenye mbegu za nyasi, nazo zitakuonyesha mkondo unakojisokota.

Mafundi wa leo wanaotengeneza modeli za mishipa ya damu za kujaribia vifaa vya tiba wanapita njia hiyohiyo. Picha za CT za mgonjwa huchapwa kwa printa ya 3D kuwa kiini cha plastiki, silikoni humwagwa kukizunguka, kiini huyeyushwa, na ndani hubaki uwazi wenye umbo la mshipa. Kazi ya kuchosha ni msasa. Printa huacha vijimistari, na usipovisugua vyote vitahamia kwenye ukuta wa mshipa, na katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, ikwame hapo.

Lakini kwanza ujue unauliza nini. Ukitaka kujua kama katheta itafika kwenye ubongo, sumbukia kona na utelezi. Ukuta kutanuka si hoja. Na utelezi ndio unaodanganya wengi. Silikoni hung'ang'ania katheta kuliko mshipa hai, wenye utando laini wa seli, kwa hiyo maabara nyingi hutia sabuni kidogo kwenye maji. Mgeni hucheka, ila bila sabuni hiyo kifaa kizuri huonekana kibovu.

Badala ya damu, watu huchanganya maji sehemu 60 na gliserini 40, mnato ukawa mara tatu hadi nne wa maji. Joto liwe nyuzi 37: likipungua, mchanganyiko huwa mzito, na stenti (kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa uwe wazi) ya nitinoli, aloi ya nikeli na titani, husukuma ukuta kwa nguvu ndogo.

Swali la uchovu wa stenti, yaani kama itavunjika kwa kukunjwa na mapigo mengi, lina modeli yake, mara nyingi mrija ulionyooka tu. Kwa mapigo 72 kwa dakika, miaka 10 ni mapigo kama milioni 380, na kipimo kilichozoeleka ni milioni 400. Mashine ikipiga mara 50 kwa sekunde, hiyo ni miezi mitatu usiku na mchana. Tatizo ni kwamba kwa kasi hiyo silikoni huweza kuchelewa kutanuka na kurudi, stenti ikakaa humo bila kusumbuliwa. Ndiyo maana leza hupima kipenyo cha mrija kazi ikiendelea. Usipotanuka kwa kiasi kilichopangwa, mapigo hayo hayahesabiwi.