Sanduku la Bibi: Namna ya Kuzitambua Nguo za Zamani

Bibi mzee akiisha kuitwa na Mungu, jamaa yake hufungua sanduku lake. Humo hutoka vikwembe, shali, blauzi ya arusi, pengine na kitambaa cha meza alichokipamba ujanani mwake. Mjukuu mwenye moyo mwema huvitia vyote pamoja katika maji ya moto yenye javeli, kisha huvipiga pasi. Jioni shali imeliwa na javeli, na blauzi imeyeyuka ikagandamana na pasi. Urithi umepotea kwa siku moja. Kosa lake si uvivu, ni kutojua. Basi, wasomaji wapenzi, tujifunze.

Nyuzi zina jamaa tatu. Ya kwanza hutoka katika mimea: ndiyo pamba, na kitani kitokacho katika shina la mmea wake. Ya pili hutoka kwa viumbe hai: sufu ya kondoo, na hariri ya mdudu. Ya tatu ni kazi ya akili ya watu. Rayoni hutengenezwa kwa miti. Nailoni ilivumbuliwa mwaka 1935 huko Marekani na Wallace Carothers. Nayo poliesta ilivumbuliwa mwaka 1941 na Waingereza wawili, Whinfield na Dickson. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba blauzi fulani ilishonwa mwaka 1930, nawe ukaona ni ya nailoni, jua kwamba msimulizi amekosea.

Twazitambuaje? Chomoa uzi mmoja upande wa ndani, penye mshono. Kama kitambaa kimefumwa, chomoa mmoja wa urefu na mmoja wa upana, maana huenda ni wa namna mbili. Ushike kwa koleo dogo juu ya sahani yenye maji, ukauwashe kwa kibiriti. Wanafunzi wasifanye hivi bila mtu mzima: tone la nailoni iliyoyeyuka hunata katika ngozi na kuichoma vibaya.

Uzi wa pamba, kitani au rayoni huwaka upesi, hunuka kama karatasi iungulpo, na kuacha majivu mepesi. Sufu na hariri huwaka polepole, hunuka kama nywele ziunguapo, na majivu yake meusi husagika kwa vidole. Nailoni na poliesta hukimbia moto, huyeyuka, kisha huacha punje ngumu isiyosagika. Ngoja ipoe kabla ya kuigusa.

Ukiisha kujua, utatunza ipasavyo. Pamba na kitani nyeupe huvumilia maji ya moto na pasi kali. Sufu na hariri usizitie javeli kamwe, maana huziyeyusha. Zifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, wala usizisugue, kwa kuwa sufu isuguliwayo hujikunja na kupungua. Rayoni hulegea ikilowa; usiikamue kwa nguvu. Nailoni yataka pasi ya moto mdogo tu.

Kitabu cha Methali chamsifu mke hodari kwa kazi ya mikono yake katika sufu na kitani. Nasi tukiitunza kazi ya mikono ya bibi zetu, twawaheshimu. Kabla ya kuwasha moto chini ya sufuria, ulizeni kwanza uzi mmoja mdogo. Nao utawajibu kweli.