Akiba ya data nayo huoza

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Kwa mahindi yaliyokauka vyema na kwa fedha zilizowekwa benki, kauli hiyo ina ukweli wake, ingawa dumuzi na mfumko wa bei huenda wakaipinga. Katika ulimwengu wa tarakilishi, hata hivyo, akiba huoza, tena huoza kimya kimya, na mwenye ghala hana habari hadi siku anapoufungua mlango akiwa na njaa.

Jambo hili lawahusu walimu na wanafunzi kuliko wanavyodhani. Chini ya mtaala wa umilisi, alama za mtoto za Gredi ya 6, pamoja na zile za tathmini za shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, huhesabiwa pamoja na mtihani wa Gredi ya 9 anapotafutiwa nafasi katika sekondari pevu. Yaani alama inayoingizwa leo huenda ikahitajika miaka mitatu ijayo. Daftari la mwalimu likiloa mvua, angalau kila mtu huliona limeloa. Hifadhidata haitoi dalili ya namna hiyo.

Shule au chuo kinapotaka mfumo wake chenyewe wa kuweka rekodi, mafundi wengi hupendekeza hifadhidata huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuitwaa, kuitumia na hata kuirekebisha bila ya kulipia leseni. Ushauri huo ni mwema, na mimi ni miongoni mwa wanaouunga mkono. PostgreSQL, kwa mfano, chimbuko lake ni mradi ulioanzishwa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Profesa Michael Stonebraker, ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2014. Ni zao la darasani, nasi watu wa darasani tuna haki ya kujivunia.

Kasoro iko katika neno "bure". Kisicholipiwa ni leseni. Mlinzi wa ghala hakuja na leseni hiyo, wala hakuna muuzaji wa kupigiwa simu usiku wa manane. Anayeiendesha hifadhidata huria ndiye fundi wake, mlinzi wake na bima yake.

Hebu tutazame yaliyoifika GitLab, kampuni inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni. Kampuni hiyo iliitegemea PostgreSQL, ikiwa na seva mbili. Ya kwanza ilipokea maandishi yote. Ya pili iliiga kila lililotendeka katika ya kwanza, ili ishike zamu endapo mwenzake angeanguka.

Jioni ya tarehe 31 Januari 2017, watuma taka wa mtandaoni waliielemea tovuti hiyo, mzigo ukazidi, na seva ya pili ikaachwa nyuma. PostgreSQL huandika kila badiliko kwanza katika shajara maalumu, na seva ya pili huisoma shajara hiyo mithili ya mwanafunzi anayenakili kutoka ubaoni. Mwalimu akiufuta ubao kabla ya mwanafunzi kumaliza, hakuna budi kuanza upya. Ndivyo ilivyokuwa. Kurasa za shajara zilizohitajika zilikuwa zimekwisha kufutwa, na hapakuwa na mahali pengine zilipowekwa.

Kuanza upya kulihitaji seva ya pili isafishwe kabisa. Mhandisi mmoja, ambaye tayari alikuwa ametaka kwenda kupumzika kwa kuwa usiku ulikuwa umeendelea, alijaribu kunakili mara kadhaa asifaulu, kwani programu ya kunakili ilikaa kimya bila ya kueleza ilikuwa inasubiri nini. Mwendo wa saa tano usiku kwa saa za kimataifa, wakati Nairobi ilikuwa saa nane, aliamua kuifuta saraka ya data katika seva ya pili. Kumbe amri aliitoa katika seva ya kwanza. Majina ya seva hizo yalitofautiana kwa tarakimu moja tu. Aligutuka baada ya sekunde moja au mbili, akaisimamisha amri. Lakini kati ya gigabaiti zipatazo 300, zilizosalia zilikuwa 4.5.

Msomaji atasema, basi wairudie akiba. Nao walisema vivyo hivyo. Walikwenda kwanza kwenye nakala za kila siku, ambazo zilipaswa kuwa zimelala salama katika ghala la Amazon, wakalikuta ghala tupu. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata yenyewe ilikuwa ya 9.6, na kwa kuwa matoleo hayo hayapatani, kazi ilikuwa ikikatika kila siku kabla ya kuanza. Je, hapakuwa na onyo? Lilikuwapo. Barua-pepe za kuarifu juu ya hitilafu zilitumwa, lakini zilikataliwa na mtambo wa kuzipokea kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Wakageukia picha za diski zinazotolewa na kampuni iliyowakodisha seva; huduma hiyo haikuwa imewashwa kwa seva za hifadhidata. Seva ya pili nayo ilikuwa imekwisha kusafishwa kwa mikono yao wenyewe.

Kilichowaokoa ni bahati. Saa sita hivi kabla ya mkasa, mhandisi yule yule alikuwa amechukua nakala kwa mkono kwa ajili ya majaribio ya kazi nyingine kabisa. Nakala hiyo ilikokotwa kutoka kwenye diski za mwendo wa kobe, na huduma ikarejea baada ya saa zipatazo 18. Misimbo ya wateja ilinusurika kwa sababu ilihifadhiwa mahali pengine. Hata hivyo, miradi ipatayo 5,000, maoni yapatayo 5,000 na akaunti mpya zipatazo 700 zilitoweka.

Wapo wanaosema kwamba mhandisi yule alistahili kufutwa kazi. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, wala kampuni yenyewe haikumfukuza; iliandika kila hatua hadharani na kurusha kazi ya uokoaji moja kwa moja kupitia YouTube. Kosa la kidole lilidumu sekunde mbili. Ghala tupu lilikuwapo kabla ya usiku ule, na lingalikuwa tupu hata kama angekwenda kulala mapema. Hakuna aliyekuwa amepewa jukumu la kulifungua na kuchungulia ndani.

Baadaye GitLab iliweka mtambo wa kuzirejesha nakala zake mara kwa mara ili kuthibitisha kwamba zinafufuka, na ikabadilisha sura ya skrini ili mhandisi atambue yuko katika seva gani. Upanuzi ulifuata: seva za ziada zikapewa kazi ya kusoma, na mwaka 2022 hifadhidata hiyo kuu ikagawanywa mara mbili kwa sababu ya wingi wa kazi. Nautaja upanuzi mwishoni makusudi. Wanafunzi wetu hupenda kuuliza ni seva ngapi zinazotosha watumiaji milioni moja, na ni wachache wanaouliza data itarejeaje. Hata seva ya kuiga isiwapumbaze. Karani akifuta kwa makosa alama za kidato kizima, seva ya pili nayo itazifuta mara moja, kwa utiifu uleule.

Kuna shule moja ninayoifahamu ambayo rekodi zake hunakiliwa kila Ijumaa kwenye diski inayofungiwa kabatini mwa mwalimu mkuu. Nilimwuliza mwalimu anayehusika ni lini walijaribu kuirejesha nakala mojawapo. Alinitazama kwa mshangao, akasema hawajawahi kupoteza chochote.

Ningependa kuona zoezi moja likiingizwa katika maabara za tarakilishi za vyuo vyetu vya ualimu na shule zetu. PostgreSQL haina leseni ya kulipiwa, na tarakilishi kuukuu yatosha. Wanafunzi waunde hifadhidata ya alama za kubuni, wachukue nakala, kisha mwalimu aifute mbele ya macho yao na kuanza kuhesabu dakika. Kikundi kitakachogundua kwamba nakala yake ni faili tupu kisicharazwe kwa maneno. Kipewe wiki moja kitafute sababu na kurudia zoezi.