Mmea haufadhaiki, hupata dhiki

Wataalamu wa biolojia ya mimea wana neno moja la Kiingereza wasiloweza kulala bila kulitaja: 'stress'. Mahindi yakikosa mvua, neno ni hilo. Udongo ukizidi chumvi, jua likizidi ukali, baridi ikishuka ghafla, ni hilo hilo. Mtafsiri wetu akikutana nalo hukimbilia neno analolisikia kila siku redioni, yaani mfadhaiko. Ndiyo maana nimewahi kusoma kijitabu cha wakulima kinachosema kwamba mahindi hupata mfadhaiko wakati wa kiangazi. Mkulima atacheka, na ana haki ya kucheka. Kufadhaika ni shughuli ya moyo na akili. Mahindi yana moyo gani wa kufadhaika?

Hebu tuyapime maneno tuliyo nayo. Mkazo tayari ni mali ya wanaisimu. Ndio ile sauti inayowekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Shinikizo limehamia kwenye damu na kwenye siasa. Msongo umeoana na mawazo, na ndoa hiyo haivunjiki leo wala kesho. Linabaki neno dhiki.

Dhiki tulilipata kutoka Kiarabu, na katika asili yake linahusu wembamba, mahali pa kubana. Mwenye dhiki amebanwa. Ajabu ni kwamba neno la Kiingereza nalo, lililopitia Kifaransa cha kale, lina mzizi wa Kilatini wenye maana ya kukazwa na kubanwa. Maneno mawili yaliyosafiri njia mbalimbali yalianza na picha moja. Isitoshe, Mswahili hakuwahi kuwawekea binadamu pekee mipaka ya dhiki. Mifugo hupata dhiki na nchi hupata dhiki. Kwa hiyo napendekeza tuseme dhiki ya mimea, kisha tuone kama neno hili linaweza kuubeba mzigo wa sayansi yenyewe. Neno lisilobeba mzigo ni pambo tu.

Mmea uliobanwa na ukame hufanya nini? Hauna miguu ya kukimbilia kivulini. Chini ya majani yake kuna vitundu vidogo mno, stomata, vinavyoingiza hewa na kutoa mvuke wa maji. Maji yakipungua, mmea huongeza homoni iitwayo asidi ya absisiki. Homoni hii huviamuru vitundu vifungwe. Maji yanaokolewa, lakini mlango uliofungwa haupitishi hata mgeni mwema: kabonidioksidi nayo haiingii, usanisinuru unapungua, na mmea unadumaa. Mnamo 2009 watafiti walitambua protini zinazoipokea homoni hiyo ndani ya seli, kama mlinzi wa geti anayepokea ujumbe na kuupeleka ndani. Ujumbe ukishafika, jeni fulani huwashwa na nyingine huzimwa. Hapa ndipo biolojia ya molekuli inapofanyia kazi yake.

Kwa mimea mingi mbinu hiyo husaidia kwa muda tu. Ukame ukizidi, seli hufa, na hata mvua ikija imechelewa. Lakini kuna mimea michache isiyofuata kanuni hii, na mtafiti aliyeifanya kuwa kazi ya maisha yake yuko barani mwetu. Ni Profesa Jill Farrant wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, aliyepewa tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi mnamo 2012.

Mimea anayoichunguza, kama vile Xerophyta viscosa, inaweza kupoteza takriban asilimia 95 ya maji yake. Ukiishika utadhani ni kuni. Inaweza kukaa hivyo kwa miezi mingi. Mvua ikinyesha, katika muda wa siku chache majani yale yale yaliyokauka, wala si machipukizi mapya, hurudi kuwa ya kijani. Jamaa yake mmoja, Xerophyta spekei, huota hata hapa Kenya kwenye maeneo ya miamba. Huenda umewahi kupita karibu nao ukauona kama takataka.

Siri yake ni nini? Wakati wa kukauka, Xerophyta viscosa huivunjavunja klorofili yake yenyewe. Kwa nini ijivue nguo? Kwa sababu jani linaloendelea kunasa mwanga huku halina maji huzalisha aina za oksijeni kali zinazounguza seli. Afadhali kuzima jiko kuliko kuunguza nyumba. Wakati huo huo mmea hurundika sukari, ikiwemo sukrosi, ile ile tunayoitia chaini. Pale maji yalipotoka, sukari huingia na kuganda mfano wa kioo, ikizishikilia sehemu nyororo za seli zisiporomokeane. Kuna pia protini za kinga zinazozuia protini nyingine zisikunjamane ovyo.

Sasa nakuomba msomaji uingie ghalani. Chukua punje ya mahindi iliyokaushwa vizuri ikabakiwa na maji asilimia 13 hivi. Ni kavu, ngumu, haina dalili ya uhai. Ipande, imwagilie, itaota. Punje hiyo imefanya yale yale yanayofanywa na Xerophyta! Protini za kinga nilizozitaja zilielezwa kwanza na wanasayansi waliokuwa wakichunguza mbegu za pamba. Kwa maneno mengine, mahindi yana jeni za kustahimili kukauka. Huziwasha wakati mbegu inapokomaa, kisha huzizima mche unapokua. Hoja kuu ya Farrant na wenzake ni kwamba mmea unaofufuka haukubuni kitu kigeni kabisa. Ulichofanya ni kuwasha kwenye majani na mizizi yale ambayo mimea mingine huyawasha kwenye mbegu. Jenomu ya Xerophyta viscosa ilipochapishwa mnamo 2017, iliwapa watafiti ramani ya kuitafuta swichi yenyewe.

Lengo ni mazao. Farrant ameikazia macho teff, nafaka ya Ethiopia inayotengenezewa injera, kwa kuwa ina jamaa wa karibu, nyasi iitwayo Eragrostis nindensis, inayoweza kufufuka. Nisimdanganye mtu: hii bado ni kazi ya maabara. Mimea inayofufuka mara nyingi ni midogo na hukua polepole, na swichi inayotafutwa si moja bali ni mtandao wa jeni nyingi zinazoamrishana. Lakini swali limeshaulizwa kwa namna inayoweza kujibiwa, na hilo ni nusu ya sayansi.

Nirudi kwenye lugha, maana ndiko nyumbani kwangu. Tazama tulivyo na utajiri wa kusimulia safari hii. Jani hunyauka, yaani hulegea likiwa bado na maji kiasi. Kisha husinyaa, likajikunja na kupungua ukubwa. Hatimaye hukauka. Anayesema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sayansi hajawahi kusikiliza wakulima wawili wakijadili shamba lililokosa mvua. Na vitenzi hivi vina tabia moja: havimtaji mtendaji. Jani hunyauka bila kunyaushwa na mtu. Kwenye jeni, kinyume chake, tunahitaji kauli ya kutendwa, kwa kuwa jeni huwashwa na kuzimwa na kitu kingine. Sarufi yetu inatulazimisha kuuliza: na nini? Ni swali lile lile linaloulizwa maabarani.

Kwa istilahi nyingine hatuna budi kukopa, na hakuna aibu. Jeni, seli, protini na homoni zimeshapata uraia. Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ya TUKI ilitoka tangu 1990. Tatizo letu si kukosa kamusi bali kuziacha rafuni.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana katika sehemu kubwa za nchi yetu kavu. Mifugo ilikufa, na watu wakaomba unga. Oktoba 2022 serikali ikaondoa marufuku ya vyakula vilivyobadilishwa jeni iliyokuwapo tangu 2012, na ugomvi ukafika mahakamani. Mimi sitetei upande wowote hapa. Ninachouliza ni hiki: mama wa Makueni au Kitui, ambaye ndiye atakayepanda na kula, alijadiliana na nani na kwa lugha gani? Wengi walisikia kwamba mahindi yametiwa 'kitu'. Kitu gani? Hakuna aliyemweleza kwamba kila punje anayoitafuna ina jeni tangu zamani, wala kwamba kuna utafiti unaotaka kuamsha jeni ambazo mmea tayari unazo, na mwingine unaoingiza jeni kutoka kiumbe kingine. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtu anaweza kulikubali moja akalikataa la pili. Lakini atachaguaje kama yote mawili yamefunikwa kwa Kiingereza? Anayekosa neno hukosa pia kura.

Ombi langu kwa wenzangu wa vitivo vya sayansi ni dogo. Kila mnapoandika ripoti kuhusu mazao yetu, andikeni pia kurasa mbili kwa Kiswahili, kisha mpeni mkulima azisome mbele yenu. Akicheka, badilisheni neno. Akiuliza swali, mmefaulu. Nasi wa lugha tuacheni kungoja kuitwa. Tubishe hodi maabarani.

Wahenga walisema baada ya dhiki, faraja. Xerophyta imeuthibitisha msemo huo kwa mimea. Iliyobaki ni faraja hiyo isimuliwe kwa lugha ambayo mwenye shamba anaielewa.