Oili ya injini katika pikipiki iliyotembea kilomita nyingi

Oili ya injini ni mafuta mazito yanayozunguka ndani ya injini ili vyuma visisagane. Katika pikipiki ya mipigo minne, kama zile za bodaboda wengi nchini Tanzania, oili hiyohiyo hulainisha pistoni, gia na klachi, tena hubeba joto na uchafu. Kazi yote hiyo hufanywa na takriban lita 1 tu katika injini nyingi za cc 100 hadi 150. Gari dogo hubeba kama lita 4. Kwa hiyo upungufu mdogo kwenye pikipiki ni upungufu mkubwa.

Mazingira ya Makambako

Makambako ni mji wa mkoa wa Njombe ulioko mahali ambapo barabara ya kwenda Njombe na Songea inaachana na barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya. Una pia stesheni ya reli ya TAZARA. Pikipiki hapa hubeba abiria wa stendi, magunia ya viazi na mbao, nyingi zikipita njia za vumbi. Vumbi linalopenya chujio la hewa lililochakaa huishia kwenye oili na kukwangua silinda kama msasa. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali. Oili iliyopoa huwa nzito na huchelewa kufika juu kwenye valvu, hivyo inafaa kuiacha injini ingurume taratibu kwa muda mfupi kabla ya kuondoka. Kuivutia mafuta kwa nguvu ili ipate joto upesi ndiko kunakoiumiza.

Kwa nini injini kuukuu hula oili

Ringi za pistoni zikilika, oili hupanda hadi chumba cha kuunguzia na kutoka kwenye ekzosi kama moshi wa bluu. Mipira ya valvu iliyokauka huleta moshi huohuo, hasa mara tu baada ya kuwasha. Kwingine oili huvuja kwenye gasketi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Injini yenye lita 1 inapoteza mililita 100 kila kilomita 500. Dereva anayebadilisha oili kila kilomita 2,000 atakuwa amepoteza mililita 400 kabla ya siku ya kubadilisha, naye anaendesha na mililita 600. Hajavunja ratiba yoyote, lakini injini inaweza kunoki mlimani akiwa na mzigo. Ratiba ya kubadilisha haitoshi kwa pikipiki ya namna hii; inabidi oili ipimwe kila asubuhi na kuongezwa.

Hata ratiba yenyewe ni ngumu kufuata ikiwa mita ya kilomita haifanyi kazi. Katika pikipiki za mkononi waya wake mara nyingi umekatika, na mita za tarakimu tano hurudi sifuri baada ya 99,999. Dereva wa aina hiyo ahesabu siku: anayekwenda kilomita 100 kwa siku hufikisha 2,000 baada ya siku 20 za kazi. Kitabu cha mtengenezaji kinaweza kutaja umbali mrefu zaidi, lakini mizigo na vumbi ni sababu ya kuufupisha.

Kupima

Pikipiki husimamishwa wima mahali tambarare. Ikiegemea stendi ya pembeni kipimo hudanganya. Injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache, kijiti cha kupimia hufutwa, hurudishwa na kusomwa. Honda nyingi hutaka kijiti kiingizwe bila kukazwa kwa uzi. Injini nyingine hutaka kikazwe. Oili ikae kati ya alama mbili. Kuzidisha nako ni kosa.

Rangi nyeusi peke yake si ugonjwa, kwani oili huwa nyeusi kwa kubeba masizi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Ikinuka petroli na kiwango chake kikipanda, kabureta huenda inavujisha. Chembe za chuma zinazometameta ni dalili ya beringi au gia kusagika, na hapo oili mpya haitaponya kitu.

Kubadilisha na kuchagua

Oili humwagwa injini ikiwa na joto la wastani, ili itoke pamoja na uchafu. Chujio la waya lioshwe. Nati ya kumwagia ianzwe kwa vidole ndipo ikazwe kwa spana, maana bloku ni ya alumini na uzi wake huharibika kirahisi.

Namba 20W-50, inayotajwa kwa pikipiki nyingi za hali ya joto, ina maana mbili: 20W ni tabia ya oili kwenye baridi, 50 ni uzito wake kwenye nyuzi joto 100 za selsiasi. Alama ya JASO MA au MA2 huonyesha kuwa oili inafaa klachi inayofanya kazi ndani ya oili. Oili nyepesi za magari ya kisasa zenye viambato vya kupunguza msuguano zinaweza kuifanya klachi iteleze. Wapo wanaoweka oili nzito kupita kiasi ili kuficha moshi wakati wa kuuza. Mnunuzi na aiwashe pikipiki ikiwa imepoa kabisa, asubuhi.

Oili chafu

Oili iliyotumika hupakwa kwenye mbao na nguzo kuzuia mchwa. Hata hivyo ina metali na kemikali zilizosababisha saratani ya ngozi kwa wanyama wa maabara, kwa hiyo mafundi wanapaswa kunawa kwa sabuni mapema. Isimwagwe kwenye mtaro wala karibu na kisima. Ihifadhiwe kwenye dumu lenye kifuniko na kupelekwa gereji inayoikusanya.