Je, Wajua? Umeme Mkubwa Hausubiri Uuguse

Nyaya za msongo mkubwa, kama zile za njia ya kilovolti 400 iliyojengwa kutoka Iringa hadi Shinyanga, hazina ganda la plastiki. Ziko wazi, kinga yake ni hewa na vile vikombe vya kioo au kaure vinavyozining'iniza kwenye minara. Fundi akisimamisha nondo ndefu chini yake anaweza kuuawa bila kugusa waya, kwa sababu umeme huruka.

Waya ukianguka, ardhi nayo hubeba umeme. Tafadhali usikimbie! Hatari iko kwenye tofauti ya volti kati ya mguu na mguu. Bana miguu, buruta nyayo kidogokidogo hadi uwe mbali. Ng'ombe huumia zaidi: miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana mno.